Mapigo ya moyo yanaporudi baada ya matibabu



Mzee mmoja wa kanisa letu alirudi kutoka India akiwa na furaha kubwa. Watoto wake walio ng'ambo walikuwa wametuma feza, na waamini walichanga sehemu iliyobaki kwa ibada mbili. Alisimama mbele yetu akashukuru: moyo wake, uliokuwa ukikimbia bila utaratibu kwa miaka mingi, sasa unatembea vizuri. Juma la tatu, usiku, ulianza tena. Hakumwambia mtu. Baadaye alitueleza kwamba aliona haya. Watu walitoa feza yao, yeye alitoa ushuhuda, sasa angesema nini? Na kwa kuwa alijihesabu kuwa amepona, alikuwa ameacha pia dawa ya kuzuia damu isigande. Binti yake ndiye aliyegundua. Alimshika mkono wakati wa chakula, akasikia mshipa unarukaruka chini ya vidole vyake.

Tunaandika kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa jamaa zao walio Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira na kwingineko. Barua hii haichukui nafasi ya munganga. Lakini munganga aliyefanya kazi ile mara nyingi yuko mbali, katika inchi nyingine, na mgonjwa anabaki nyumbani na maswali yake.

Nini hutendeka ndani ya moyo

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Cheche ndogo ya umeme hutoka katika chumba cha juu cha kuume, na kwa mtu mzima aliyetulia moyo hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Katika ugonjwa ambao wanganga huita fibrilasio, vyumba vya juu havipigi tena, vinatetemeka tu, na vile vya chini vinafuata bila mpango: mara haraka, mara vikikawia. Mtu husikia kifua kinagonga, pumzi inakatika kwenye mlima ambao zamani aliupanda bila shida, au hasikii chochote.

Damu isiyosukumwa vizuri hutuama katika kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto. Hapo inaweza kuganda, kisha bonge hilo likapanda mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana fibrilasio huongeza hatari ya kiharusi, ambacho wengi wetu tunakiita AVC, karibu mara tano.

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walichunguza wagonjwa 45 na kuona kwamba cheche nyingi mbaya zilitoka ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka kwenye mapafu. Kutokana na kazi hiyo yakaenea matibabu yanayoitwa ablasio. Munganga hupitisha nyaya nyembamba katika mshipa wa kinena mpaka kwenye moyo, kisha huunguza duara kuzunguka midomo ya mishipa ile, kwa joto, kwa baridi kali, au siku hizi kwa umeme wa muda mfupi sana. Kovu linalobaki ni kama ukuta: cheche inazuiwa isiingie moyoni.

Kwa nini yanarudi

Ukuta huo unajengwa juu ya nyama iliyo hai. Majuma ya kwanza kidonda ni kibichi, kimevimba, na chenyewe kinaweza kuchokoza moyo. Kwa muda mrefu wanganga hawakuhesabu mapigo yanayorudi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Mwaka 2024 mashirika ya wataalamu wa mapigo ya moyo yalikubaliana kupunguza muda huo kuwa majuma 8. Kwa hiyo juma la tatu la mzee wetu halikuwa ushuhuda wa uongo. Moyo wake ulikuwa bado unapona. Tuseme ukweli pia: wale wanaorudiwa mapema hurudiwa baadaye mara nyingi kuliko wengine, kwa hiyo haifai kunyamaza.

Baada ya muda huo sababu ni nyingine. Pengine ukuta una tundu, na nyama ya mshipa imeungana tena na moyo. Pengine cheche inatoka mahali pengine kabisa. Pengine chumba chenyewe kimepanuka kwa miaka mingi ya tansio isiyotibiwa, na hakuna duara linaloweza kukirudisha kuwa kidogo. Katika uchunguzi mkubwa unaoitwa CABANA, uliotangazwa mwaka 2019 na uliokuwa na wagonjwa 2,204, karibu nusu ya waliofanyiwa ablasio na kufuatwa kwa karibu walikuwa wamerudiwa walau mara moja ndani ya miaka 3. Waliotumia dawa peke yake walirudiwa zaidi, karibu 7 kwa kila 10. Kurudi, basi, si ajabu wala si aibu. Munganga anayemwambia mgonjwa kabla ya safari kwamba "itaisha kabisa" anampa ahadi ambayo hawezi kuitimiza.

Kuna waliofanyiwa ablasio kwa ajili ya mapigo ya namna nyingine, yale ya haraka lakini yenye utaratibu, yanayoanza na kukoma ghafla kama taa inayowashwa na kuzimwa. Hao hurudiwa mara chache. Yakirudi, munganga anaweza kuwafundisha kusukuma pumzi kwa nguvu sekunde 15 wakiwa wameketi nusu, kisha kulazwa chali na kuinuliwa miguu. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2015 uliona njia hiyo ikikomesha mapigo kwa watu 43 kati ya 100. Kwa fibrilasio haisaidii.

Dawa ya damu haiachwi kwa sababu moyo umetulia

Tunakaa hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza maisha, au mkono na mguu wa upande mmoja, au sauti yao. Baada ya ablasio kila mgonjwa huendelea na dawa ya kuzuia damu isigande kwa muda wa miezi 2 kwa uchache. Baada ya hapo uamuzi hautegemei kama mapigo yametulia. Unategemea hatari ya kiharusi aliyo nayo mtu: umri wake, tansio, ugonjwa wa sukari, moyo uliochoka, kiharusi cha zamani. Mtu wa miaka 70 mwenye tansio anaweza kuhitaji dawa hiyo maisha yote hata kama hasikii tena hata pigo moja baya. Fibrilasio inaweza kurudi usiku, kimya, naye amelala.

Kwetu Mashariki kuna jambo lingine ambalo wagonjwa wa Ulaya hawalijui sana. Wengi wetu, na zaidi wanawake, walipata fibrilasio kwa sababu ya vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na koo lisilotibiwa. Jamaa aliye Brussels au Montréal anasikia kuhusu dawa mpya kama rivaroksabani, ambayo haidai kupima damu mara kwa mara, naye anaituma kwa upendo. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa INVICTUS, uliofanywa katika inchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa huo wa vali pamoja na fibrilasio. Waliotumia dawa za zamani, warfarini na ndugu zake, walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo mwenye vali iliyobana sana, au aliyewekewa vali ya chuma, abaki na warfarini au Sintrom, na asikubali kubadilishiwa kwa simu.

Warfarini na Sintrom zinadai kipimo cha damu kinachoitwa INR. Kwa wengi kinapaswa kuwa kati ya 2 na 3. Mwenye vali ya chuma aulize kiwango chake, kwa maana mara nyingine kinakuwa juu zaidi. Sombe, lengalenga na matembele vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hizo. Tumesikia wagonjwa wakikatazwa sombe kabisa, na tunaona ni kuwaonea bure. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kile kile juma kwa juma. Shida huja chakula kinapobadilika ghafla, kwa mfano familia inapokimbia vita na kuishi miezi miwili kwa wali na maharagi ya msaada: sombe ikikosekana, dawa ile ile inakuwa kali kupita kiasi. Aliyehama apime INR mapema awezavyo.

Dawa za kawaida za farmasi pia huingilia. Flagyl, Bactrim na siprofloksasini zinaweza kupandisha INR mpaka mtu atokwe damu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisinywewe juu ya dawa ya damu bila munganga kusema. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ni salama zaidi. Na mwanamke anayetumia warfarini amwone munganga kabla ya kuchukua mimba, au mara tu anapoona siku zimepita, kwa maana dawa hiyo inaweza kumwumiza mtoto tumboni, naye mwenyewe hawezi kuiacha ghafla.

Njia zikifungwa, farmasi hukaukiwa. Weka akiba ya majuma kadhaa, pamoja na karatasi za hospitali, katika mfuko ambao unaweza kuunyakua usiku.

Homa si malaria siku zote

Mtu aliyefanyiwa ablasio ya fibrilasio akipata homa ndani ya miezi 2, sisi sote tutasema malaria. Pengine ndiyo. Lakini kuna ajali ya nadra sana, chini ya mtu 1 kwa kila 1,000, ambapo joto la ablasio limejeruhi umio, ule mfereji wa chakula unaopita nyuma ya moyo, na siku nyingi baadaye tundu linafunguka kati ya viwili hivyo. Dalili zake ni homa, maumivu ya kifua, shida ya kumeza, kutapika damu, au ishara za kiharusi. Isipotibiwa kwa upasuaji, inaua. Mgonjwa apimwe malaria na atibiwe ikiwapo, lakini amwambie kila munganga anayemwona: "Nilifanyiwa ablasio tarehe fulani." Wanganga hutafuta tundu hilo kwa skana ya kifua. Kupitisha kamera kooni, kama wanavyofanya kwa vidonda vya tumbo, kunaweza kuingiza hewa ndani ya moyo na kumwua mgonjwa.

Malaria yenyewe nayo ina mtego wake. Kwetu tumezoea kuita kidonge chochote "kinini", lakini hapa tunasema kinini yenyewe, dawa ile ya zamani. Wengi wanaorudiwa na mapigo hupewa amiodaroni (Cordarone) au sotaloli. Dawa hizi hurefusha muda ambao moyo unachukua kujiandaa kwa pigo linalofuata, na kinini hufanya hivyo pia. Zikikutana, moyo unaweza kuingia katika mapigo ya hatari na kusimama. Coartem nayo haishauriwi pamoja nazo. Artesunate ya sindano, ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendelea kuliko kinini kwa malaria kali, haijulikani kuwa na hatari hiyo. Kumbuka kwamba amiodaroni hukaa mwilini majuma mengi, hata miezi, baada ya kuachwa. Muuguzi wa kituo cha afya hawezi kukisia haya. Inapasa aambiwe kabla hajaning'iniza chupa ya seramu.

Siku mapigo yanaporudi

Keti. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kwa sababu mapigo yasiyo na utaratibu hudanganya. Andika katika daftari tarehe, saa, hesabu, kama yanatembea sawa au yanarukaruka, yalidumu muda gani, na ulikuwa ukifanya nini. Usiongeze kidonge kwa akili yako.

Kisha tafuta ECG wakati mapigo yangali mabaya. Hili watu hawalielewi: wanangoja watulie, wanaenda hospitali siku ya tatu, karatasi inatoka safi na munganga anasema hakuna kitu. ECG iliyochukuliwa katikati ya taabu ndiyo inayoonyesha kama ni fibrilasio iliyorudi, au mapigo mengine ya haraka yaliyozaliwa na kovu lenyewe, ambayo matibabu yake ni tofauti. Piga picha ya karatasi hiyo uitume kwa WhatsApp kwa hospitali iliyokutibu, pamoja na daftari.

Kuzimia, maumivu makali ya kifua, kukosa pumzi ukiwa umeketi, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kushindwa kutamka: haya hayangoji asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Kuhusu maisha ya kila siku tutasema machache. Tansio itibiwe. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini apimwe, kwa maana ugonjwa huo huvuta fibrilasio irudi. Mwenye uzito mkubwa aupunguze polepole. Uchunguzi wa Australia wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanywaji walioacha pombe walirudiwa wachache, 53 kwa 100, kuliko walioendelea, 73 kwa 100. Kanisani tunasema hatunywi. Basi anayejua kwamba kasiksi humfikia nyumbani asome mistari hii peke yake. Kahawa ya kiasi kwa wengi haina neno. Mikesha mfululizo na kufunga bila maji humchosha moyo mtu wa namna hii, na mchungaji anaweza kumpa ruhusa wazi ya kulala na ya kunywa dawa yake kwa wakati wake, ili asijisikie mwenye hatia.

Je, kurudi ng'ambo mara ya pili?

Hili ndilo swali linalogawanya familia. Tunajua nyumba ambako shamba liliwekwa sokoni kwa ajili ya ablasio ya pili kabla hata ECG haijachukuliwa. Ablasio ya pili hufanywa sana, na kwa wengine ndiyo inayoziba tundu lililobaki. Lakini CABANA ile ile ilipopima vifo, viharusi vizito, kutokwa damu vibaya na moyo kusimama, haikuona tofauti iliyo wazi kati ya walioandikiwa ablasio na walioandikiwa dawa. Faida iliyoonekana vizuri ni kupungua kwa mapigo mabaya na maisha kuwa mepesi. Kwa wengi, basi, swali ni jinsi wanavyotaabika, na kama dawa zimejaribiwa kweli. Wenye moyo uliodhoofika ni kundi lingine: uchunguzi wa CASTLE-AF wa mwaka 2018 uliona vifo vichache zaidi kwa waliofanyiwa ablasio, na hao wasikate shauri bila mtaalamu wa moyo.

Kuna pia njia ambayo haitajwi sana kwa sababu haina safari: kuishi na fibrilasio. Mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza mwendo, kama bisoprololi, pamoja na dawa ya damu. Mwaka 2010 uchunguzi wa Uholanzi uitwao RACE II ulionyesha kwamba kwa wengi wa namna hii inatosha kuweka mapigo chini ya 110 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kulazimisha yashuke chini ya 80 hakukuleta faida zaidi. Mtu wa Butembo asiye na njia ya kufika Nairobi anaweza kulima, kufundisha na kuimba katika kwaya miaka mingi namna hiyo, ikiwa kidonge cha damu hakikosekani.

Na sisi tuliochanga? Tunaona tumekosea kidogo katika namna tunavyopokea wagonjwa wetu. Tunawasimamisha mbele Jumapili ya kwanza, tunapiga makofi, na tangu hapo hawana tena nafasi ya kusema "imerudi." Katika parokia yetu tumeomba mashemasi waende nyumbani kwa mgonjwa baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya miezi mitatu, wamwulize juu ya dawa yake na wamhesabie mapigo. Feza kidogo ya mchango hubaki kwa mweka hazina kwa ajili ya INR na ECG.

Mzee wetu alipelekwa mchana ule ule. ECG ilionyesha fibrilasio, mapigo 128. Alirudishiwa dawa ya damu, akaongezewa ya kupunguza mwendo, na karatasi zikatumwa India. Jibu lilikuwa fupi: angoje majuma 8 yaishe, aendelee na vidonge, atume ECG nyingine. Bado anarudiwa mara mojamoja, hasa akikosa usingizi. Daftari lake liko juu ya meza karibu na redio, na binti yake ndiye anayeshika saa.